Chakula gani ukikianza huna breki? Mimi ni ukoko

MkwanguaSufuria:

Wakuu, kwema? Naleta mada nyepesi, ya tumboni.

Nina udhaifu mmoja, na kwa umri huu sidhani kama utaniacha: ukoko wa wali. Sisemi wali. Wali nakula kama watu wengine, sahani moja, nashiba, nanawa mikono. Nasema kile kinachobaki chini ya sufuria watu wenye heshima zao wakishapakua na kuondoka. Hapo ndipo mimi naanza kula.

Nieleze vizuri, maana kuna watakaofikiria kitu cheusi kilichoungua. Hapana. Ukoko ninaousema una rangi ya asali iliyokolea, mwembamba pembeni, mnene katikati, umeshikana kiasi kwamba ukipenyeza ncha ya mwiko ukingoni na kuinua polepole, unabanduka kipande kizima cha ukubwa wa kiganja. Upande uliogusa sufuria ni mkavu na unang'aa mafuta. Upande wa juu bado una punje laini za wali zimeng'ang'ania. Ukiuma unapata vyote kwa mkupuo: unakatika kwa mlio, halafu unatafuna. Na kuna zile chembe ndogo zinazobaki sufuriani, ambazo mwiko hauzifikii. Hizo ni za kijiko. Ukikwangua na kijiko cha chai kwa kufuata duara la sufuria, zinatoka.

Nyumbani wananijua. Watoto walipokuwa wadogo waliniachia kwa hiari. Siku hizi wamejua siri na sasa ni vita. Mke wangu alipitisha sheria kwamba anayekwangua ndiye anayeosha, akidhani ananikomoa. Niliipokea kwa mikono miwili, kwa sababu anayeosha ndiye anayebaki jikoni peke yake.

Maswali ni mawili. La kwanza, wewe chako ni kipi? Sitaki chakula unachokipenda tu, kila mtu anapenda vyakula. Nataka kile ambacho ukikianza mtu akikusemesha humsikii.

La pili ndilo linalonisumbua zaidi. Inakuwaje nimeshiba wali mpaka nimelegeza mkanda, ukiniongezea kijiko kimoja nitakataa kwa kiapo, lakini ukiniletea ukoko, ambao ni mchele uleule na maji yaleyale, nafasi inapatikana? Nafasi hiyo ilikuwa wapi?

Wale wa "acha, utanenepa", mnaruhusiwa kusoma tu.

BisiSaaSita:

Nimecheka mpaka jirani amegonga ukuta. Karibu chamani, kaka.

Mimi bisi. Nafanya kazi ya kuhariri maandishi ya watu usiku, na mbele yangu lazima kuwe na bakuli. Mkono unakwenda na kurudi wenyewe, macho yako kwenye kazi, nashtukia vidole vinagusa bakuli tupu. Nikajiuliza, kama hata sioni ninachokula, nafuata nini hasa? Nikagundua nafuata mlio. Bisi za jana zilizonywea, chumvi ileile, mafuta yaleyale, sizitaki hata uniwekee mdomoni.

Hili wenye elimu zao wamelipima. Mwaka 2004 Charles Spence wa Chuo Kikuu cha Oxford na mwenzake Massimiliano Zampini waliwavisha watu spika za masikioni, wakawapa krispi za viazi waume mbele ya maikrofoni. Kila mtu alikuwa anasikia mlio wa meno yake mwenyewe, ila watafiti walikuwa wanauchezea kwenye mitambo. Wakiukuza, hasa ile sauti nyembamba ya juu, watu wanasema krispi hii ni kavu na mpya. Wakiupunguza, wanasema hii imelala. Krispi zote zilikuwa za aina moja! Mwaka 2008 wakapewa Ig Nobel, ile tuzo ya utafiti unaochekesha kwanza halafu unafikirisha.

Kwa hiyo kaka, nusu ya utamu wa ukoko wako unaula kwa masikio.

Nikuachie siri yangu pia. Bisi zilizochanua vizuri nawaachia wageni. Mimi nachimba chini ya bakuli natafuta zile zilizopasuka nusu, zimefunguka kidogo tu upande mmoja, ndani kuna unga mweupe mgumu na nje ganda limekaangika. Zile ndizo zangu. Watu wanazitupa pamoja na zile zilizogoma kabisa, na mimi siwaambii.

MpishiWaZamu:

Mkuu mwenye mada, nimepikia watu wengi kwa miaka mingi, masufuria ambayo mtoto anaweza kuogea ndani. Ukoko wa huko haufiki kwa walaji. Unaishia kwetu.

Ngoja nieleze unavyotokea, kwa sababu wengi wanauchukulia kama ajali. Maji yakiwa bado yamo sufuriani, hata uwashe moto wa kuyeyusha chuma, pale chini hapapandi sana kupita nyuzi 100. Joto lote linaishia kugeuza maji kuwa mvuke. Wali unaiva lakini haubadiliki rangi. Maji yakikauka ndipo joto la chini linapaa haraka, na kuanzia kama nyuzi 140 hivi, sukari na protini chache zilizomo kwenye mchele zinaanza kuungana, zinatoa rangi ya kahawia na harufu za kila namna. Mfaransa Louis-Camille Maillard aliieleza kemia hiyo mwaka 1912. Ndiyo hiyohiyo inayofanya kazi kwenye ganda la mkate, nyama ya kuchoma na kahawa iliyokaangwa.

Ndiyo maana sufuria nyingi za umeme za kupikia wali hazitoi ukoko wa maana. Zimetengenezwa zijizime pale tu joto la chini linapovuka lile la maji kuchemka. Zinajizima wakati ukoko ndio kwanza unataka kuanza! Sijui nani aliyezibuni alikosewa nini na ukoko.

Anayetaka ukoko wa makusudi asikilize sufuria. Maji yakiwemo kuna mlio mzito wa kutokota. Kisha kunatulia. Halafu inaanza sauti nyembamba ya kukaanga, ta-ta-ta, imetawanyika sehemu sehemu. Kuanzia hapo moto uwe mdogo kabisa, sufuria iwe nzito, na chini uwe umetangulia kupaka mafuta au siagi ya kutosha. Mwiko usiingie tena. Mfuniko uufunge kwa kitambaa ili matone ya mvuke yasirudi kulowesha wali. Geuza sufuria kidogo kidogo juu ya moto, upande mmoja usitangulie mwingine. Harufu ikigeuka ikawa kama ya njugu zilizokaangwa, epua, ukalishe sufuria juu ya kitambaa kilicholowa maji baridi kwa dakika mbili tatu. Utasikia inalalamika. Chini pananywea kwa baridi na ukoko unaachia wenyewe. Ukiona moshi, umechelewa, na kilichofika rangi nyeusi kibandue utupe, ni kichungu na hakina faida kwa mtu.

Halafu usijione uko peke yako. Wairani wanaupika makusudi, wanauita tahdig, unapinduliwa kwenye sahani mzima mzima na kuwekwa mbele ya wageni. Wahispania wana socarrat chini ya paella. Wakorea wana nurungji, na sufuria iliyobaki na mabaki wanaimwagia maji ya moto, wakanywa. Popote penye mchele na sufuria pana mtu kama wewe amebaki jikoni.

Mimi mwenyewe? Ncha ya mkate. Ile ya mwisho kabisa, ganda pande zote isipokuwa mmoja, mkate ukiwa bado moto kiasi cha kuchoma vidole, na siagi baridi kutoka kwenye friji iliyokatwa nene. Isipakwe. Ikatwe bapa na kulazwa juu, ili ukiuma alama za meno zibaki kwenye siagi. Ikishayeyuka yote ni chakula kingine, sina shida nacho, ila hakinitoi kitandani.

KakaoTu:

Nyinyi wa maganda endeleeni. Mimi chokoleti nyeusi, na nasema bila aibu.

Siitafuni. Kuitafuna ni kuharakisha msiba. Naweka kipande juu ya ulimi, nafunga mdomo, nasubiri. Siagi ya kakao ni ngumu kabisa ukiishika mkononi kwa muda mfupi, lakini inayeyuka karibu na nyuzi 34, chini kidogo tu ya joto la mwili. Kwa hiyo haiyeyuki popote isipokuwa pale unapotaka iyeyuke. Kwanza unasikia ubaridi kidogo, kwa sababu inapoyeyuka inavuta joto la ulimi. Halafu kingo zinalegea, halafu uchungu unaingia, utamu unafuata nyuma. Zile za rahisi zilizotiwa mafuta mengine badala ya siagi ya kakao nazijua papo hapo: zinaacha utando kwenye kaakaa, unabaki unausugua kwa ulimi mpaka jioni.

Mafuta hayo ya kakao yanaweza kuganda kwa namna sita tofauti, na ni moja tu, ya tano, inayoipa chokoleti mng'ao na ule mlio ikivunjika. Ikiyeyuka kwenye joto la chumba na kuganda tena ovyo, inatoka na ukungu mweupeweupe juu. Haijaharibika, usitupe. Nitumie mimi.

Akiba yangu imo ndani ya boksi la nyaya kuukuu za umeme, mahali ambapo hakuna mtoto anayetafuta kitu.

Ila nina swali langu pia, Mkwangua. Kipande cha kwanza nakipenda kwa dhati. Cha pili pia. Kufika cha tano, ukinishika bega ukaniuliza kama nakifurahia, nikisema kweli nitasema hapana. Na cha sita nitakichukua. Hiyo nayo ni nini?

MkwanguaSufuria:

Dada KakaoTu, hapo mimi ni tofauti na wewe. Ukoko wangu kipande cha mwisho ni kitamu kuliko cha kwanza, ndipo zinapokuja hizo chembe za kijiko cha chai. Sijawahi kufika mahali nikasema sasa basi.

Mpishi, nimesoma hiyo ya kitambaa chenye maji baridi mara nyingi kuliko mkataba wangu wa kazi. Miaka yote nakwangua kwa nguvu za mabega. Na umenipa wazo: naangalia sufuria moja pana, ya chuma kizito, chini yake karibu mara mbili ya hii ya kwetu. Mchele uleule ukitandazwa humo, wali unakuwa kidogo juu na ukoko mwingi chini. Mke wangu hajaambiwa bado sababu.

Swali la pili bado halijajibiwa, jamani. Nafasi ilikuwa wapi?

Ticha_Baiolojia:

Shikamooni wakubwa, na wadogo marahaba. Nafundisha sekondari na swali hili wanafunzi huniuliza kila mwaka, wao wakitumia mfano wa keki baada ya chakula.

Mkwangua, mwaka 1981 Barbara Rolls na wenzake waliwaonjesha watu vyakula mbalimbali, wakavipa alama za utamu. Kisha wakawalisha kimojawapo mpaka wakatosheka, halafu wakawaonjesha vyote upya. Alama za kile walichokula zilishuka sana. Za vile ambavyo hawakuvila zilishuka kidogo mno. Walipoletewa raundi nyingine ya chakula bila kutarajia, walikula zaidi kama kilikuwa tofauti na cha mwanzo. Kwa hiyo unaposema umeshiba, sehemu kubwa ya hiyo shibe ni kuchoka: umechoka na ladha ile, ulaini ule, harufu ile. Wali laini umeshauchoka. Ukoko una mlio, una ukavu, una mafuta zaidi na harufu ambayo wali hauna. Mdomo unaupokea kama mgeni mpya kabisa, na tumbo, ambalo halikuwa limejaa kama ulivyodhani, linaruhusu.

Halafu kuna jambo mmelisema watatu bila kujua kuwa mnasema kitu kimoja. Moja ya kemikali zinazonukia kwenye ganda la mkate wa moto, kwenye bisi na kwenye mchele wenye kunukia ni ileile, inaitwa asetili-piroline. Pua ya binadamu inaikamata hata ikiwa chembe ndogo mno. Mlaji wa bisi, mlaji wa ncha ya mkate na mkwangua sufuria mnafuata harufu moja, kila mmoja kwa mlango wake.

Na zingatieni vyakula vyenu vina nini. Ukoko: wanga na mafuta. Bisi: wanga na mafuta. Mkate na siagi, chokoleti, vilevile. Mwaka 2018 kikundi cha watafiti akiwemo Dana Small kilichapisha jaribio ambalo watu walishindania vitafunwa kwa kutaja bei wanayoweza kulipa. Vile vyenye mafuta na wanga pamoja vilitajiwa bei ya juu kuliko vyenye kimoja tu, ingawa kalori zililingana na watu walisema wanavipenda sawa. Porini vyakula vya namna hiyo ni adimu. Tunda lina sukari, mbegu ina mafuta. Chakula cha asili kilicho wazi chenye vyote viwili kwa wingi ni maziwa, na hayo kila mmoja wetu alianza nayo.

Sasa wewe KakaoTu na kipande chako cha sita. Ubongo una mfumo mmoja wa kukusukuma ukitafute kitu na mwingine wa kukifurahia kikifika, na si lazima viende pamoja. Kent Berridge wa Chuo Kikuu cha Michigan alilionyesha hili kwa panya. Panya akidondoshewa maji ya sukari mdomoni hujilamba midomo, usoni unaona kabisa amependa. Walipoondolewa karibu dopamini yote ubongoni, yaani kemikali inayoendesha huo msukumo, panya hao hawakwenda tena kutafuta chakula, wangekaa na njaa chakula kikiwa mbele yao. Lakini wakidondoshewa sukari, walijilamba vilevile. Kupenda kumebaki, msukumo umeondoka. Kwako kipande cha sita ni kinyume chake: kufurahia kumeshalala, msukumo bado uko macho.

KakaoTu:

Ticha, umenifananisha na panya mbele za watu na nimekubali. Ila maelezo yako yamenipa ujanja: kuanzia leo natoa vipande viwili kwenye boksi la nyaya, boksi linarudi juu ya kabati. Kama msukumo uko macho basi na utafute ngazi.

PilipiliKwanza:

Hakuna aliyetaja pilipili? Mmelelewa vibaya.

Chakula bila pilipili mimi nameza kama dawa. Na ajabu yake ni kwamba haina hata ladha inayohusika, ni maumivu matupu. Mwaka 1997 David Julius na wenzake walipata kile kipokezi kwenye neva ambacho pilipili inakiwasha, na ndicho hichohicho kinachohisi joto la kuunguza, kuanzia kama nyuzi 43. Yaani ulimi unaambiwa unaungua na hauungui. Alipewa Nobel mwaka 2021 pamoja na Ardem Patapoutian. Ndege wanakula pilipili kama zabibu, kipokezi chao hakiijali.

Kwa nini narudia? Kwa sababu baada ya dakika kadhaa za jasho kuna utulivu unashuka ambao sijaupata kwenye kitu kingine cha halali. Mkizidiwa, kunyweni maziwa, maji yanausambaza tu moto. Nimemaliza.

Mama_Pacha:

Samahani wapendwa, naingia na jambo ambalo limekaa pembeni kidogo ya mada, ila nadhani kuna mtu analihitaji.

Changu kilikuwa barafu. Barafu tupu ya maji, haina juisi wala maziwa. Ilianza nikiwa na mimba ya pacha, na nilipojifungua haikuondoka. Nilikuwa natafuna vipande usiku kucha, vikiisha nakwangua ule ukungu wa kwenye kuta za friji kwa kisu cha mezani. Mume wangu alihamia sebuleni kwa ajili ya kelele. Mnaposema hapa "mkono unakwenda wenyewe", mimi nilikuwa naamka usingizini kwa ajili ya barafu.

Nilipoeleza mara ya kwanza mahali nilipokuwa natibiwa niliambiwa ni tamaa za mimba, nitulie. Mimba ilikuwa imeshaisha! Baadaye mhudumu mwingine alinitazama kucha na ndani ya kope, akaniuliza bila mimi kutaja: "Unatafuna barafu?" Nikashangaa kajuaje. Nikapimwa damu, madini ya chuma yalikuwa yameisha kabisa. Nikapewa vidonge, na hamu ya barafu ikakatika ghafla, kabla hata damu yenyewe haijarudi vizuri. Akaniambia ni jambo linalojulikana: upungufu wa chuma huweza kumfanya mtu atamani barafu, udongo, chaki, unga au mchele mbichi, vitu ambavyo havimpi anachokikosa.

Kwa hiyo ukoko kuleni. Lakini mtu wenu akiwa na hamu isiyotulia ya kitu ambacho si chakula, msimcheke wala msimgombeze. Apimwe chuma.

MkwanguaSufuria:

Mama Pacha, ahsante sana. Nina shemeji yangu tumekuwa tunamtania kwa kutafuna mchele mbichi, anauweka hadi kwenye mkoba. Nimemtumia ujumbe wako kama ulivyo. Amejibu "sawa" tu, ila namjua, ataenda.

Ticha, jibu la nafasi limeniridhisha, nimelisoma kwa sauti hapa nyumbani na mwanangu mkubwa amesema basi tuanze na ukoko halafu wali. Nimemwambia aende akasome.

Mpishi, nirudi kwako. Wewe umekaa kwenye masufuria makubwa, ukoko wa kujaza sinia. Umesema unaishia kwenu. Je, kuna siku ulitosha? Nauliza kwa sababu ile sufuria pana nimeshaipata, inasubiri neno langu.

MpishiWaZamu:

Nitakuambia nilichokiona. Kila kijana mpya akiingia jikoni, siku za mwanzo tunamwachia. Anakaa na sinia lake pembeni, anavunja vipande vikubwa, haongei na mtu. Baadaye anaanza kuchagua, anakula vya pembeni tu vile vyembamba. Baadaye anakula akitembea. Mwisho unamwona anamwaga maji sufuriani ili ulainike aoshe haraka, na ukimwuliza vipi ukoko anakutazama kama umemwuliza habari za shule ya msingi. Mimi nilipitia hukohuko. Siku hizi naupika vizuri kuliko mtu yeyote ninayemjua, na siuli.

Ncha ya mkate bado inanishika. Lakini mkate sioki mimi, na kila mkate una ncha mbili tu.

BisiSaaSita:

Mpishi umeleta msiba kwenye uzi wa furaha.

Ila kwangu haiko hivyo! Bisi zipo kila usiku na sijachoka. Au ni kwa sababu zile zilizopasuka nusu huwa chache kila bakuli? Eh. Ngoja nisiendelee na hesabu hiyo.

MkwanguaSufuria:

Nimemjibu mwenye sufuria kwamba sichukui. Nimemwambia ni nzito sana kwa jiko letu.

Mke wangu amesoma uzi wote, sasa anajua kwa nini nilikuwa naitaka na kwa nini huwa nachelewa kuosha vyombo. Amependekeza anayekwangua awe anapokezana, zamu kwa zamu, na watoto wameshaandika majina ukutani. Mimi ni wa nne.

Nani mwingine? Watu wa jibini hatujawasikia, na najua mpo.